Kujiandaa kwa Mtihani wa ACLS Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura hapa Nairobi. Kila tarehe za kozi ya ACLS (Advanced Cardiovascular Life Support, mafunzo ya juu ya kuokoa mtu ambaye moyo wake umesimama) zikitangazwa, simu yangu hujaa maswali kutoka kwa wenzangu: wauguzi, maklinikal ofisa, madaktari waliomaliza intanishipu juzijuzi, vijana wa ambulensi. Maswali yanafanana mno, basi nimeyakusanya hapa na majibu ninayowapa. Pale ninapojua watu huangukia nimejibu kwa kirefu. Kwingine nimepita haraka.

ACLS inaongeza nini juu ya BLS?

BLS (Basic Life Support) ni msingi: kumtambua mtu ambaye moyo wake umesimama, kuita msaada, kukandamiza kifua, kutoa pumzi na kutumia mashine ndogo ya shoki, AED. ACLS inajengwa juu ya hapo. Unasoma mdundo wa moyo kwenye monita, unaamua kama ni wa kupigwa shoki au la, unatoa dawa, unalinda njia ya hewa, unatafuta chanzo, na moyo ukirudi unajua cha kufanya ili usisimame tena. Kozi hugusa pia kiharusi na shambulio la moyo. Ninayoizungumzia ni ile ya American Heart Association, AHA, kwa sababu ndiyo waajiri wengi wa hapa huitaja.

Kituo kingi kitakuuliza kadi ya BLS iliyo hai kabla ya kukusajili. Hata wasipouliza, siku ya kozi mikono yako itapimwa kwanza kwenye kifua. Anayekuja huku BLS yake imelegea hupoteza siku nzima akikumbuka mambo ambayo angekuwa nayo mkononi tayari.

Nani anaihitaji?

Ukifanya kazi ICU (wagonjwa mahututi), HDU (uangalizi wa karibu), thieta, dharura, dialisisi au ambulensi, utaulizwa. Hospitali nyingi za Ghuba nazo huitaka kwa muuguzi anayeomba kazi huko. Kwa anayeelekea Uingereza ni habari nyingine: kule kozi inayotambulika zaidi ni ALS (Advanced Life Support) ya Resuscitation Council UK, yenye mtiririko wake tofauti kidogo. Uliza mwajiri wako anataka ipi kabla hujalipa.

Nisome wapi hapa Nairobi, na nitajuaje kwamba kozi ni halali?

Chagua kituo kinachotoa mafunzo kwa idhini ya AHA. Aga Khan University Hospital kule Parklands ni kimojawapo, na vipo vingine mjini. Usione haya kuuliza: mkufunzi ana kadi ya ukufunzi iliyo hai? Bei inajumlisha kitabu na kadi, au hivyo ni malipo ya pembeni? Wanatumia mwongozo wa mwaka gani? AHA ilitoa mwongozo mpya Oktoba 2025 baada ya ule wa 2020, na kitabu unachosomea lazima kiwe cha toleo lilelile utakalopimwa nalo.

Kadi za sasa ni za kielektroniki na zina namba ambayo mwajiri anaweza kuihakikisha mtandaoni. Ukiona mtu anakuuzia cheti cha ACLS kwa kujibu maswali kwenye simu tu, bila kugusa manikini, yule mwanasesere wa mazoezi, wala kusimama mbele ya mkufunzi, hicho hakitakusaidia. Ipo kozi halali ya AHA ambayo nusu yake husomwa mtandaoni, inaitwa HeartCode, lakini hata hiyo humalizikia kwa kikao cha mikono kwenye manikini.

Mtihani wenyewe una sehemu gani?

Kuna kipimo cha kukandamiza kifua cha mtu mzima na kutumia AED, kuna njia ya hewa, kuna megakodi, yaani igizo la mgonjwa unaloliongoza wewe, na kuna karatasi. Karatasi iliyozoeleka ina maswali 50 ya kuchagua jibu, na unatakiwa upate asilimia 84, yaani 42.

Kabla ya kozi utafanya jaribio la kujipima mtandaoni. Kiwango chake ni asilimia 70, na unaruhusiwa kulirudia mpaka ufike. Watu hulichukulia kama fomu ya kujaza usiku wa kuamkia kozi. Mimi nakuomba ulifanye siku ileile unapolipia. Usisome kwanza. Lifanye ulivyo, kisha andika kila swali ulilokosa na mada yake. Karatasi hiyo ndiyo silabasi yako. Mmoja atakuta anajua dawa zote lakini hajui kutofautisha bloku za moyo, yaani umeme wa moyo unapocheleweshwa au kuzuiwa njiani, mwingine kinyume chake. Mbona wote wawili wasome kitabu kizima kwa uzito mmoja?

Ni kweli mtihani wa karatasi unaruhusu kitabu?

Ndiyo, AHA huruhusu kitabu cha kozi na notisi zako. Haruhusiwi mtu kuuliza jirani wala kuzurura intaneti. Ila usiuegemee ukuta huo. Asiyejua mambo hupekua kurasa mpaka kichwa kinachemka, na megakodi haina kitabu.

Nianze kusoma lini?

Wiki nne zinamtosha mtu wa shifti. Nusu saa kila siku ina faida kuliko Jumapili moja ya saa nane, hasa kama umetoka zamu ya usiku. Wiki ya kwanza ni ya kifua na midundo. Ya pili na ya tatu ni za michoro ya hatua: moyo uliosimama, moyo unaokwenda pole, moyo unaokwenda mbio, na huduma baada ya moyo kurudi. Ya nne ni ya kusema kwa sauti, na hiyo nitaieleza chini kwa sababu ndiyo wengi huiruka.

Kwa nini mnasisitiza sana kukandamiza kifua wakati tumelijua tangu chuoni?

Kwa sababu kulijua na kulifanya kwa dakika mbili bila kulegea ni vitu viwili. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kina ni angalau sentimita 5, kisizidi 6. Kifua kiachwe kirudi juu chote kabla ya kukandamiza tena. Mara 30 kwa pumzi 2. Anayekandamiza abadilishwe kila dakika 2, na popote unaposimama, usizidi sekunde 10.

Fikiria pampu ya mkono ya kisima. Unaisukuma mara kadhaa kavu kabla maji hayajapanda. Yakishapanda, kila msukumo unatoa maji. Ukiiacha kidogo yanarudi chini, na ukirejea unaanza tena na ile misukumo mikavu. Damu inayoingia kwenye mishipa ya moyo wenyewe ndivyo ilivyo: shinikizo hujengeka polepole, likaanguka mara tu mikono inapoinuka. Ndiyo maana mashine inapojichaji mikono inabaki kifuani, na shoki ikishapigwa mikono inarudi hapohapo. Usisimame kutazama monita wala kutafuta mapigo. Hayo yana wakati wake, baada ya dakika 2.

Kosa jingine ni pumzi nyingi. Ukiwa na bagi ya kupumulishia mkononi na mgonjwa amelala mbele yako, mkono huminya wenyewe kwa hofu. Kila pumzi ya ziada inaongeza shinikizo ndani ya kifua na kuizuia damu kurudi moyoni. Mrija wa hewa ukishawekwa kooni, ni pumzi moja kila sekunde 6, na kifua kinaendelea kukandamizwa bila kusubiri. Hesabu kwa mdomo mpaka sita. Mkufunzi anasikia, na mkono wako unatii.

Mimi ECG, mchoro wa umeme wa moyo, hunipita kushoto. Nitafaulu?

Utafaulu. ACLS haikutaki uwe daktari wa moyo. Inakutaka ujue midundo michache na ujue kila mmoja unakupeleka wapi.

Mgonjwa asiye na mapigo ana midundo minne tu. Miwili hupigwa shoki: VF, moyo unapotetemeka ovyo bila kusukuma damu, na VT, mbio zinazoanzia vyumba vya chini vya moyo, isiyo na mapigo. Miwili haipigwi: asistoli na PEA. Asistoli ni mstari uliolala, lakini kabla ya kuuamini hakikisha nyaya zimeshika na monita imewekwa sawa. PEA ndiyo mtego wenyewe. Kwenye skrini unaona mdundo mzuri uliopangika, pengine wa 70 kwa dakika, na roho yako inatulia, kumbe shingoni hakuna kitu. Siku ya megakodi mkufunzi atakubadilishia skrini ikawa nzuri ghafla. Weka vidole shingoni kabla ya kufurahi.

Kwa mwenye mapigo, jua bloku za daraja la kwanza, la pili aina zake mbili, na la tatu. Jua SVT, mbio zinazoanzia juu ya vyumba vya chini vya moyo, jua VT, jua atrial fibrileshoni. Mimi nilizijua kwa maboksi ya glavu. Boksi likiisha wodini nililikata kadi za ukubwa wa kiganja, upande mmoja nikachora mdundo kwa kalamu nyeusi, upande wa pili nikaandika kwa nyekundu jambo moja tu: nitafanya nini kwanza. Sikuandika maelezo. Nilizibeba mfukoni mwa yunifomu, nikazichomoa kwenye matatu ya Thika Road foleni ilipoganda Pangani, mpaka kona zake zikawa laini kama kitambaa. Ukichora mwenyewe, jicho linashika kitu ambacho picha ya kwenye simu haikuachii.

Dawa nitazikumbukaje?

Ni chache kuliko unavyoogopa. Zifunge kwenye hatua, usizifunge kwenye orodha.

Adrenalini ni miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5. Kama mdundo si wa shoki, ipe mapema iwezekanavyo. Kama ni wa shoki, kwa mtiririko wa AHA inakuja baada ya shoki ya pili. Amiodaroni inafuata baada ya shoki ya tatu: miligramu 300, kisha 150 ikihitajika tena. Lidokaini inaweza kushika nafasi yake, miligramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo mara ya kwanza, halafu nusu ya hiyo. Ampuli tunazozijua hapa za adrenalini ni za mililita moja, kidogo sana, na ukiidunga ikabaki kwenye kanula haijamfikia mtu. Isukume kwa mililita 20 za salaini na uinue mkono wa mgonjwa. Useme hivyo kwa sauti kwenye mtihani.

Moyo unaokwenda pole na mgonjwa amezidiwa: atropini miligramu 1, kila dakika 3 hadi 5, isizidi 3 kwa jumla. Ukiona bloku ya daraja la tatu, usipoteze muda ukingoja atropini ifanye kazi. Andaa pacemaker, ile mashine ya kuuendesha moyo kutoka nje, au dripu ya dopamini ama adrenalini.

SVT ya mgonjwa aliyetulia: mbinu za kukaza tumbo kwanza, kisha adenosini miligramu 6, ikishindikana 12. Adenosini huisha kwenye damu ndani ya sekunde chache, kwa hiyo kanula iwe kubwa na karibu na kiwiko, salaini ifuate papo hapo. Mwambie mgonjwa kabla: "Mama, utahisi vibaya kifuani kwa muda mfupi sana, mimi niko hapa." Mkufunzi mzuri huona jambo hilo, na mgonjwa wa kweli hulikumbuka maisha yake yote.

Mwenye moyo wa mbio akiwa anazidiwa, yaani shinikizo la damu limeshuka, amechanganyikiwa, ana maumivu ya kifua au mapafu yanajaa maji, hapo dawa si jibu la kwanza. Ni shoki iliyosawazishwa na mdundo. Bonyeza SYNC, uhakikishe alama zimetokea juu ya kila pigo. Mashine nyingi zikishapiga hurudi zenyewe kwenye hali ya kawaida, basi kabla ya shoki ya pili bonyeza tena. Hapa ndipo watu makini kabisa huponyokwa na pointi.

Nina notisi za rafiki yangu za miaka iliyopita. Zinafaa?

Usizitumie. Atropini peke yake inakutosha kuwa mfano: notisi za kabla ya 2020 zitakuambia miligramu 0.5, na toleo la 2020 likasema 1. Hali kadhalika ukichanganya na notisi za Uingereza, utaikuta adrenalini ya mdundo wa shoki baada ya shoki ya tatu. Si kwamba wamekosea. Ni mtiririko wao, na wewe hupimwi huo. Huduma baada ya moyo kurudi nayo hubadilika kati ya toleo na toleo, hasa viwango vya oksijeni na joto la mwili, kwa hiyo soma namba hizo kwenye kitabu chako na si kwa rafiki.

Megakodi ni nini na kwa nini watu wanaiogopa?

Ni igizo la mgonjwa mmoja anayebadilika mikononi mwako ukiwa kiongozi wa timu. Mara nyingi huanza na mwenye mapigo, moyo unakwenda pole au mbio, kisha anaanguka kwenye VF au VT, anahamia PEA au asistoli, halafu moyo unarudi na unatakiwa umtunze. Dakika kama kumi hivi. Wenye akili nzuri huanguka hapa, na sababu si kwamba hawajui.

Nitakueleza ya kwangu. Mara ya kwanza nilisimama miguuni pa manikini nikiwa nimekariri kila mchoro. Mkufunzi akabadilisha skrini ikawa VF. Nikaitambua mara moja, nikasema "VF", nikaanza kuwaza jouli ngapi kwa mashine ile. Nilipogeuka, wenzangu watatu walikuwa wakinitazama, mikono pembeni, wakingoja neno langu. Mkufunzi hakusema kitu. Aliinua saa yake tu nikaiona. Sekunde 22 hakuna aliyekuwa kifuani. Nilirudia kipimo kile.

Miezi michache baadaye, hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, tulimpokea mzee aliyeanguka stendi ya matatu. Tulikuwa watano chumbani. Mrija ulikataa kuingia, na sote tukainama kichwani kutazama koo. Nikaiona ile saa ya mkufunzi akilini mwangu. Nilimwambia mwenzangu, "Dada, rudi kifuani, mrija utasubiri." Akarudi. Mzee hakuamka, na sitadai kwamba angeamka. Lakini tangu siku hiyo neno la kwanza mdomoni mwangu ni "Kifua," na nawataka wote ninaowafundisha waanze hivyo.

Kwa hiyo kwenye megakodi, ndani ya sekunde za mwanzo gawa kazi kabla ya kufikiria chochote kingine. Nani kifuani, nani bagi, nani mashine, nani dawa, nani anaandika muda. Mtaje mtu kwa jina au kwa kazi yake, mpe agizo lenye kipimo, na umsubiri arudie. "Sista wa dawa, adrenalini miligramu moja mshipani." "Adrenalini miligramu moja mshipani, naitoa." "Imeingia, saa nne na dakika sita." Duara linafungwa. Ukitupa agizo hewani, "tupeni adrenalini jamani," itatolewa mara mbili au haitatolewa kabisa.

Usilolijua, uliza timu. "Kuna mtu ameona kitu nilichoacha?" Swali hilo halikupunguzii alama. Linakuongezea.

Mbona H na T zinanichanganya?

Ni vyanzo vinavyosimamisha moyo na ambavyo unaweza kuvirekebisha, majina yake ya Kiingereza yakianza na H au T. Vikikaririwa kama herufi tupu hukimbia. Vipe sura za watu unaowajua wodini.

Upungufu wa damu mwilini: mama aliyejifungua na damu haikomi. Upungufu wa oksijeni: mtu aliyekabwa na kipande cha nyama pale kwenye nyama choma. Asidi: mgonjwa wa kisukari aliyeletwa akihema kwa nguvu. Potasiamu kuzidi: mgonjwa wa figo aliyekosa dialisisi mara mbili, na huyu dawa yake ya haraka ni kalsiamu. Potasiamu kupungua: aliyeharisha na kutapika kwa siku kadhaa. Baridi ya mwili: mlevi aliyelala nje kwenye mvua usiku kucha.

Upande wa T: hewa iliyobana pafu, kijana wa boda aliyegonga kifua kwenye usukani wa pikipiki, upande mmoja haupumui na mishipa ya shingo imevimba. Maji kuuzunguka moyo, na kwetu usisahau kifua kikuu. Sumu: familia iliyowasha jiko la makaa ndani na kufunga madirisha kwenye baridi ya Julai. Damu iliyoganda kwenye mapafu: aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga wiki iliyopita. Damu iliyoganda kwenye mishipa ya moyo: baba aliyeshika kifua tangu asubuhi akidhani ni asidi ya tumbo.

Mtihani hautakupa mifano ya Nairobi. Lakini ukisoma "PEA, mgonjwa wa dialisisi", sura itakujia kabla ya herufi.

Sina manikini. Nitajizoezaje nyumbani?

Weka mto mgumu wa kochi sakafuni, si kitandani, kwa sababu kitanda kinazama. Washa programu ya metronomu kwenye simu, iweke 110. Kandamiza dakika mbili kamili. Kisha zima sauti na ufanye bila hiyo huku mtu akiangalia saa: mara 30 zinapaswa kuchukua sekunde 15 hadi 18. Ukimaliza kwa 12 unakimbia. Wengi hukimbia.

Halafu kuna kusema. Mtafute mwenzako mmoja, mkutane hata baada ya shifti. Yeye anashika kadi, anasema "mapigo hakuna" au anakuonyesha VF, nawe unatoa maagizo kwa sauti mpaka dakika mbili ziishe, kisha anageuza kadi. Ukikosa mwenzako, zungumza na ukuta. Mtoto wangu alijua "kila mtu ajitenge, napiga shoki" kabla hajajua kuzidisha kwa saba.

Mtihani ni wa Kiingereza. Mimi nafikiri kwa Kiswahili. Nifanyeje?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na halistahili aibu. Elewa sababu kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwenu, kwa kuwa uelewa wa kina hukaa pale. Lakini maagizo ya megakodi yazoeze kwa Kiingereza, neno kwa neno, mpaka yatoke bila kutafsiri. Ni sentensi kama ishirini tu. Ukiyazoeza kwa Kiswahili halafu siku ile uyatafsiri kichwani, utapoteza sekunde, na megakodi hupima sekunde.

Kwenye karatasi, soma mstari wa mwisho wa swali kwanza. Wanauliza hatua ya kwanza, inayofuata, au iliyo bora? Maneno hayo matatu hubadilisha jibu.

Moyo ukirudi, kipimo kimeisha?

Bado. Wengi hupumua, wakaweka bagi chini, na mkufunzi anaendelea kuandika. Angalia njia ya hewa na upumuaji, kaboni dioksidi iwe 35 hadi 45 mmHg. Shinikizo la damu la wastani lisiwe chini ya 65, kwa maji ya dripu au dawa ya kupandisha. ECG ya nyaya 12 ifanywe, ili kama ni mshipa wa moyo ulioziba apelekwe kufunguliwa. Kisha mwite: anafuata maagizo? Kama hafuati, zungumzia kudhibiti joto la mwili. Ndipo unaposema umemaliza.

Kiharusi na shambulio la moyo huulizwa kiasi gani?

Maswali machache, ya muda zaidi. ECG ndani ya dakika 10 tangu mwenye maumivu ya kifua afike. Aspirini ya kutafuna, miligramu 162 hadi 325, kama hana kizuizi. Kwa kiharusi, saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, sukari ya damu, na picha ya CT kabla ya dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo dirisha lake ni saa 3, na hadi 4.5 kwa baadhi ya wagonjwa.

Nikifeli itakuwaje?

Utaelekezwa palipolegea na kupimwa tena. Muulize mkufunzi kosa lilikuwa la kujua au la kuongoza, maana tiba zake ni tofauti. Usiende nyumbani ukafungua kitabu ukurasa wa kwanza. Fungua pale ulipoangukia.

Siku yenyewe nibebe nini?

Kitambulisho, cheti cha jaribio la kujipima, kitabu, nguo unayoweza kupigia magoti. Kucha fupi. Toka mapema, kama unapita Waiyaki Way au Ngong Road unajua mwenyewe. Na tafadhali usiende moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Omba mbadilishane na mwenzako wiki mbili kabla, umlipe fadhila baadaye.

Kadi inadumu muda gani?

Miaka 2. Mabaraza yetu ya taaluma hutaka mafunzo endelevu kila mwaka, kwa hiyo ulizia kama kozi imeidhinishwa kwa pointi kabla ya kulipa, hifadhi stakabadhi, na uitumie kadi ileile unapohuisha leseni. Kuhuisha ACLS kwa kawaida ni kozi fupi ya siku moja, ya mwanzo ni kama siku mbili.

Mikono lakini haisubiri miaka miwili. Hufifia ndani ya miezi. Shifti yako ya kwanza baada ya kozi, kabla ya ripoti ya asubuhi, fungua toroli ya dharura ya wodi yako. Angalia adrenalini ziko droo gani na tarehe zake. Angalia pedi ni za mashine ile au za nyingine. Washa mashine bila waya wa stima uone betri inashika, na bagi ina barakoa yake. Kisha mwite mwenzako mmoja umwonyeshe vilipo.